Mlango, Kahawa, Simu au Posta: Njia ipi ya Kampeni Ilifaa Mji Mdogo wa Marekani Miaka ya 1950?

Tuseme mwaka ni 1954. Mgombea anawania kiti katika bunge la jimbo, kule New Hampshire au Ohio. Mji wake una watu 5,000, nyumba kama 1,500, kiwanda kimoja cha viatu, makanisa matano na gazeti linalotoka Alhamisi. Waliojiandikisha kupiga kura ni kama 2,500, kwa kuwa umri wa kupiga kura karibu kote nchini ni miaka 21. Mfukoni ana dola 400 na mbele yake kuna wiki sita. Hawezi kufanya kila kitu, kwa hiyo lazima achague.

Wengi huanza kwa kuuliza njia ipi inavutia watu wengi zaidi. Afadhali kuuliza njia ipi inarudi na majina. Mwaka 1940 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, wakiongozwa na Paul Lazarsfeld, waliwafuatilia watu 600 katika Kaunti ya Erie, Ohio, tangu Mei hadi Novemba. Waliohama kabisa kutoka mgombea mmoja kwenda mwingine walikuwa wachache mno, hata hawakufika mmoja katika kila kumi. Kazi kubwa ya kampeni ilikuwa kuwaimarisha walioegemea tayari. Kwa hiyo fedha inayotumika kumbadili mpinzani mara nyingi imepotea. Kinachotakiwa ni kujua nani ni wako, nani bado anasitasita, kisha kuhakikisha walio wako wanafika kituoni Jumanne ya uchaguzi. Kila njia hapa chini imepimwa kwa kipimo hicho.

Nyumba kwa nyumba

Hii ndiyo njia ghali kuliko zote kwa miguu, na rahisi kuliko zote kwa pesa. Kwa kasi ya nyumba 12 kwa saa, pamoja na zile ambazo hakuna aliyefungua, nyumba 1,500 zinadai saa 125. Watu 25 wakitoa saa tano kila mmoja, kazi imekwisha. Watu watano hawawezi, na wakilazimishwa wataishia mtaa wa tatu, kisha mgombea atadhani mji mzima unafanana na mitaa hiyo mitatu.

Kazi huanza kwa karani wa mji, anayetunza daftari la wapiga kura. Kwingine orodha inauzwa, kwingine mtu anakaa mezani na kuinakili kwa mkono. North Dakota ilifuta uandikishaji mwaka 1951, hivyo huko mtu hutumia kitabu cha waliopiga kura mara iliyopita akikilinganisha na kitabu cha simu. Majina yahamishiwe kwenye kadi ngumu za inchi 3 kwa 5, kadi moja kwa nyumba, zikipangwa kufuata mtaa na upande wa barabara. Ukizipanga kwa alfabeti, mtembeaji atavuka barabara mara arobaini na kuacha kazi siku hiyo hiyo. Mpe kila mtu nyumba 60 na si zaidi.

Saa nazo zina siri yake. Jumatatu asubuhi ilikuwa siku ya kufua, na mama mwenye mikono ya sabuni hataki mgeni. Wafanyakazi wa kiwanda hula mapema, pengine saa 11 jioni, na kugonga mlango watu wakiwa mezani ni kutafuta chuki. Jumamosi kabla ya mchana ni nzuri, na jioni za Septemba kabla giza halijaingia ni nzuri zaidi. Oktoba ya mwisho jua linawahi kuzama, kwa hiyo mitaa ya pembeni ikamilishwe kwanza.

Mlangoni maneno ni machache: jina lako, unakoishi, unamfanyia nani kazi. Mkabidhi kadi ya mgombea, kisha uliza maswali matatu. Je, wamemfikiria mgombea huyu? Kuna yeyote nyumbani aliyetimiza miaka 21 na hajajiandikisha? Kuna anayehitaji gari siku ya kura, au fomu ya kupiga kura kwa posta? Muulize mke na mume kila mmoja kwa nafsi yake. Alama (wetu, wao, hajaamua, hayupo) iandikwe ukishatoka kwenye ngazi, kwani hakuna apendaye kuona jina lake likiwekewa alama mbele ya macho yake.

Kosa linaloharibu kazi nzima ni ukarimu wa mtembeaji. Bibi aliyesema "asante, nitafikiria" anaandikwa "wetu", na siku ya uchaguzi gari la kampeni linakwenda kumchukua ili akampigie kura mpinzani. Kanuni iwe kali: asiyetamka kwamba atampigia mgombea kura hajaamua. Kosa la pili ni mabishano. Mtu anayepoteza dakika 20 kumshinda mwenye nyumba mmoja kwa hoja amepoteza nyumba nne.

Liko pia kosa la kisheria. Tangu 1934 sheria ya taifa inakataza kutia kitu kisicho na stempu katika sanduku la barua la mtu. Kipeperushi kiingie chini ya mlango au kishikizwe kwenye kitasa. Na usimwombe mwenye posta wala mpeleka barua akusaidie, japo yeye ndiye anayejua nani kahama na nani kafariki. Wakati huo Sheria ya Hatch ya 1939 iliwazuia watumishi wa serikali kuu kushiriki kampeni, na kumvuta mmoja kulikuwa kumhatarishia kibarua chake.

Je, njia hii inalipa? Samuel Eldersveld wa Chuo Kikuu cha Michigan alilijaribu jambo hili huko Ann Arbor mwanzoni mwa miaka ya 1950, baadhi ya wapiga kura wakifikiwa ana kwa ana na wengine kwa barua tu. Waliotembelewa walijitokeza zaidi kuliko wale wa barua. Ann Arbor ni mji wa chuo, mkubwa kuliko wetu, lakini hatuoni sababu ya matokeo kugeuka mahali ambapo anayegonga mlango anafahamika kwa jina.

Mahali ambapo chama kina mjumbe hai katika kila eneo la kituo, sehemu ya kazi imekwishafanyika. Mjumbe huyu, asiyelipwa na aliyechaguliwa na wanachama wa eneo lake, alikuwa kama balozi wa nyumba kumi: anajua nani mgonjwa, nani ana deni, nani hajasemezana na nani. Tatizo ni kwamba orodha yake iko kichwani. Akigombana na mgombea, au akiwa na binamu anayewania kiti hicho hicho, orodha yote inaondoka naye. Mwombe akae na karani wa kampeni jioni mbili, kadi zijazwe.

Yote haya yanachukulia kwamba aliye nyuma ya mlango anaruhusiwa kujiandikisha. Kwa raia Weusi katika sehemu kubwa ya Kusini haikuwa hivyo. Katikati ya miaka ya 1950 majimbo matano, yaani Alabama, Arkansas, Mississippi, Texas na Virginia, bado yalidai kodi ya kichwa kabla ya kura, na mitihani ya kusoma ilisimamiwa kwa upendeleo wa wazi. Kwenye kisiwa cha Johns, South Carolina, wanaharakati Esau Jenkins na Septima Clark, wakishirikiana na Highlander Folk School ya Tennessee, walianzisha mwaka 1957 madarasa ya watu wazima nyuma ya duka la ushirika, Bernice Robinson akiwa mwalimu wa kwanza. Duka mbele liliwaficha na macho ya wazungu. Darasa lilikuwa la usiku, majira ya baridi, kazi za shamba zikiwa zimepungua, na shabaha ilikuwa mwanafunzi aweze kusoma kifungu cha katiba ya jimbo mbele ya mwandikishaji. Mgombea wa eneo kama hilo aliyenunua vibandiko kabla ya kuunga mkono darasa alikuwa anahesabu kura za watu ambao bado hawakuwa na kura.

Kahawa sebuleni

Hapa ndipo mgombea mwenye watu wachache anapopumua. Mama mwenye nyumba anaalika majirani 15 hadi 20, saa 4 asubuhi au saa 8 mchana, mgombea anakaa dakika 30, anazungumza kwa dakika nane na kujibu maswali. Kwa ratiba iliyobanwa vizuri anapita sebule tatu asubuhi moja. Gharama ni kahawa na keki, na mwenyeji ndiye anayelipa.

Mfano mkubwa wa aina hii ni Massachusetts 1952, John F. Kennedy alipomkabili Seneta Henry Cabot Lodge Jr. wa Republican. Mama yake Rose na dada zake waliandaa karamu za chai miji kwa miji, wanawake wakipokea mwaliko rasmi kwa jina. Eisenhower, mgombea urais wa Republican, alilichukua jimbo hilo, na bado Kennedy, wa Democratic, alishinda kwa kura zaidi ya 70,000. Tusidanganyane kwamba chai peke yake ilifanya hivyo, kwani fedha za baba yake hazikuwa kidogo. Ila mwaliko wenye jina lako una uzito ambao kipeperushi hakina.

Fred Ross, aliyelijenga shirika la Community Service Organization miongoni mwa Wamarekani wenye asili ya Mexico huko California, alitumia umbo hilo hilo kwa namna tofauti. Mikutano yake ilikuwa ya jioni, baada ya kazi, sebuleni kwa wafanyakazi, na kila mkutano ulitakiwa kuzaa mwenyeji wa mkutano unaofuata. Shirika hilo liliandikisha wapiga kura kwa maelfu, na mwaka 1949 Edward Roybal akaingia baraza la jiji la Los Angeles. Ni kwenye mkutano wa nyumbani wa namna hii huko San Jose, mwaka 1952, ndipo César Chávez alipoingia katika kazi hiyo. Mji wako ukiwa na kiwanda, kahawa ya saa 4 asubuhi inakupa wake wa mameneja. Ya saa 1 usiku inakupa walioshika mashine.

Kinachoharibika hapa hakionekani haraka. Mwenyeji hualika rafiki zake, na rafiki zake ni wa kanisa moja. Mgombea anatoka akiwa na furaha, kumbe amepigiwa makofi na watu wale wale mara ya nne. Dawa ni kumpa mwenyeji orodha kutoka kwenye kadi: nyumba zote za mtaa huu zilizoandikwa "hajaamua", na marafiki wasizidi watano. Hatari nyingine ni mashindano ya keki. Mwenyeji wa kwanza akitandaza vyombo vya fedha, wa pili ataona haya na kukataa. Mratibu atangaze mapema: kahawa na aina moja ya biskuti, basi. Na kabla wageni hawajatoka, kadi ya jina na anwani ipite mkononi mwa kila mmoja, ikiuliza kama yuko tayari kupiga simu, kuandika postikadi au kutoa gari. Kahawa isiyoacha kadi ilikuwa ziara tu.

Simu

Simu ni nzuri kwa kukumbusha na mbaya kwa kushawishi. Hata ilipofika 1960, nyumba kama 78 katika kila 100 nchini ndizo zilizokuwa na simu, na mwaka 1954 zilikuwa chache kuliko hapo. Ukitegemea simu peke yake unawaruka maskini na wazee wa mashambani bila kujua kwamba umewaruka.

Halafu kuna laini za pamoja. Vijijini familia nne, nane au zaidi zilitumia waya mmoja, kila nyumba ikiwa na mlio wake, na kuinua mkono wa simu kusikiliza maongezi ya jirani ilikuwa burudani ya wengi. Usimuulize mtu kwa laini hiyo atampigia nani kura. Ataogopa, au atasema uongo, na wengine sita watasikia jibu. Sema tu tarehe, kituo kilipo, saa za kufungua na kufunga, na kwamba gari lipo akilihitaji. Nusu dakika inatosha. Anayeshikilia laini dakika tano jioni anawaudhi wote walio kwenye waya huo, na watajua ni kampeni ya nani.

Posta

Postikadi ilikuwa senti 1 hadi mwisho wa 1951, ikapanda kuwa senti 2 tarehe 1 Januari 1952. Barua ya kawaida ilikuwa senti 3 hadi Agosti 1958. Kadi moja kwa kila nyumba ya mji wetu ni dola 30 za stempu, mbali na uchapaji. Kwa dola 400 unaweza kutuma mara mbili, si mara tano.

Ukichapa mwenyewe kwa mashine ya kurudufu, stensili ikatwe na mchapaji mwenye mkono mzito, utepe wa taipureta ukiwa umeondolewa, la sivyo herufi hazitapenya. Karatasi zikitoka ziachwe zikauke kabla ya kukunjwa, kwani wino mbichi huacha kivuli cha ukurasa mmoja juu ya mwingine. Andika chini jina la anayehusika na chapisho, maana majimbo mengi yalidai hivyo.

Lakini postikadi bora haichapwi. Kila mfuasi anaandika kwa mkono wake kadi 25 kwa watu anaowajua, mistari mitatu, anasaini. Wafuasi 40 wanatoa kadi 1,000 kwa dola 20. Kasoro yake ni moja: watu huahidi 25 na kuandika nane. Ziandikwe kwenye meza moja, jioni moja, mtu asichukue nyumbani, kisha mratibu ndiye anayezipeleka posta, zifike Jumamosi au Jumatatu kabla ya kura.

Nguvu ya posta yenye jibu ilionekana New Hampshire mwaka 1964. Yule yule Lodge, wakati huo balozi wa Marekani Saigon, Vietnam Kusini, hakuwa hata kwenye karatasi ya kura ya mchujo wa Republican. Wafuasi wachache waliwatumia wapiga kura wa chama chake barua yenye kadi ya ahadi ya kurudisha, kisha wakafuata na maelekezo ya namna ya kuliandika jina lake. Alipata kura kama 33,000 na kuwapita Goldwater na Rockefeller waliokuwa wakizunguka jimbo hilo wenyewe. Kadi ya kurudisha ndiyo iliyoifanya barua ifanye kazi ya mlango: ilirudi na majina.

Mkono mtaani, vipaza sauti na vitu vya kugawa

Kwa asiyejulikana, kushikana mikono hakuna mbadala. Seneta Estes Kefauver wa Tennessee aliingia New Hampshire mwaka 1952 na kutembea mitaa ya miji midogo akijitambulisha kwa mtu mmoja mmoja, na tarehe 11 Machi akamshinda Rais Truman katika mchujo wa urais wa Democratic kwa kura 19,800 dhidi ya 15,927. Kabla mwezi haujaisha Truman akatangaza kwamba hatagombea tena. Kwenye lango la kiwanda, simama zamu inapoingia. Wanaoingia hufika mmoja mmoja, wanaotoka humiminika kwa pamoja na kila mmoja anawaza chakula. Msaidizi asimame hatua tano nyuma agawe kadi, mkono wa mgombea ubaki mtupu.

Gari la vipaza sauti linapendwa na vijana wa kampeni kuliko na wapiga kura. Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha mwaka 1948 sharti la kibali cha vipaza sauti la mji wa Lockport, New York, kisha mwaka uliofuata ikaruhusu Trenton, New Jersey, kuzuia magari yenye kelele. Kwa hiyo soma sheria ndogo za mji wako kwanza. Lifae tangazo la mkutano wa saa hiyo tu, na lisipite mtaa wa wafanyakazi wa zamu ya usiku mchana wakiwa wamelala.

Beji, viberiti na vibandiko vya bampa vinawapendeza walio wako tayari. Nunua vichache kwa ajili ya wanaojitolea, basi. Lyndon Johnson alizunguka miji ya Texas kwa helikopta mwaka 1948, akirusha kofia yake kutoka juu, na watu walijaa kweli. Mchujo wa marudio aliushinda kwa kura 87, tena zenye utata mpaka leo. Umati unaokuja kutazama mashine haumwahidi mgombea kitu.

Gazeti na redio

Njia hizi humjulisha mgombea, hazimletei jina hata moja. Gazeti la Alhamisi kabla ya Jumanne ya kura ni la mwisho, na mpinzani anajua hivyo. Shutuma ikichapwa siku hiyo hakuna toleo la kuijibu. Acha fedha kidogo ya redio kwa Ijumaa na Jumatatu. Kifungu cha 315 cha sheria ya mawasiliano kinakilazimu kituo kilichomuuzia mpinzani muda kikuuzie na wewe kwa masharti sawa, na marekebisho ya 1952 yanakataza kumtoza mgombea zaidi ya mteja mwingine.

Basi achague nini?

Mwenye watu 25 au zaidi aanze na milango, simu na posta zifuate kadi zake. Mwenye watano aache milango ya mji mzima, afanye kahawa 20 kwa orodha iliyopangwa, atembee mwenyewe mitaa yenye wasioamua, na amalizie na kadi za mkono. Mwenye fedha bila watu atanunua gazeti na postikadi, na ajue kwamba ananunua njia dhaifu. Dola 400 tungezigawa hivi: 60 za stempu, 70 za uchapaji, 90 za gazeti, 60 za redio, 30 za simu, 40 za petroli, na 50 zisiguswe hadi Ijumaa ya mwisho.

Kadi zilizokusanywa zinatumika Jumanne. Mtu mmoja anakaa kituoni na orodha ya "wetu", akikata jina kila anayepiga kura, na mkimbiaji anachukua orodha saa 5 asubuhi, saa 8, saa 10 na saa 11 na nusu jioni. Waliobaki wanapigiwa simu, wasio na simu wanagongewa mlango. Magari ndiyo hukwama: madereva wengi hujitolea asubuhi, ilhali wapiga kura wa kiwandani wanataka gari jioni. Panga robo tatu ya magari kwa saa mbili za mwisho, weka wasichana wawili wa kulea watoto kwa kila mtaa, na uondoe vibandiko kwenye gari lolote litakalosimama karibu na kituo, maana umbali unaoruhusiwa unatofautiana jimbo kwa jimbo na msimamizi hatakuonya mara mbili.